Kidole Kimoja cha Mguu wa Kuku

Shangazi,

Hiki nyumbani sijamwambia mtu. Mama hajui, Baba hajui, na hata kwenye kuomba dua huwa nakiruka kama mtu anayeruka dimbwi. Siku ile ulipoanguka, kitu cha mwisho ulichokiona ni spana iliyokuwa mkononi mwangu. Na mimi ndiye niliyeiharibu.

Basi. Nimeandika. Nimekaa kidogo nikiangalia hayo maneno, nikidhani dari itashuka. Haijashuka. Chini uani wanawake wanachambua mchele wa kesho, nasikia ungo.

Shuleni kwetu tunafundishwa kwamba barua inaanza na anwani upande wa kulia, halafu tarehe. Nimejaribu. Nimefika kwenye anwani nikakwama, kwa sababu yako siijui. Kwa hiyo naanza hivi hivi.

Kesho ni arobaini yako. Siku arobaini, Shangazi, na mimi bado Jumamosi asubuhi naamka navaa lile gauni la zamani lenye madoa ya grisi, nashuka ngazi mpaka mlangoni, ndipo nakumbuka. Jumamosi iliyopita nilifika mpaka kona ya Gerezani, kulipo kibanda chako cha spana, kabla sijakumbuka. Nilisimama pale kama mjinga, na kipande cha chaki mfukoni.

Chaki bado naiba. Mwalimu wa hesabu akigeuka nachukua vile vipande vidogo. Mkono wenyewe ndio unachukua, mimi siutumi.

Unakumbuka chaki ilivyoanza? Nilikuwa darasa la sita. Ulikuwa umekaa kwenye ile ndoo yako iliyopinduliwa, spana imejaa kutu, unaigeuza kwenye mwanga na kusonya kwa sababu maandishi yake hayasomeki. Mimi nilikuwa nimetumwa nikuletee chakula, na kama kawaida yangu nilikuwa nimesimama tu bila kusema shikamoo, natazama miguu yangu. Nikatoa chaki nikaisugua juu ya chuma, halafu nikapangusa kwa kidole. Herufi zikabaki nyeupe, moja moja. Ukapiga kelele kumwita Mangi wa duka la nati hapo pembeni aje aone. Tangu siku hiyo ukaacha kuniita Zulfa, ukawa unaniita Mwalimu. Nyumbani naitwa bubu. Kwako nilikuwa Mwalimu.

Kazi yangu ikawa kukusomea Kiingereza cha kwenye vyuma. Nilikutana na maneno "drop forged", nikaenda kwenye kamusi, nikarudi na sura imenishuka nikakuambia kwa sauti ndogo kwamba nadhani spana zetu zimeghushiwa. Nilidhani unauza feki bila kujua. Ulicheka mpaka kanga ikakuvuka kichwani. Ukanieleza kwamba maana yake chuma kilipashwa moto kikapigwa na nyundo kubwa ndani ya umbo lake, ndiyo maana hakivunjiki. Ukamhadithia Mangi. Mangi akamhadithia kila mteja. Kwa wiki nzima mafundi walikuwa wakipita wanauliza, Mwalimu, leo ipi feki?

Na ile spana nyingine, ya kufungua na kufunga mdomo, ambayo mafundi wanaiita jina lile. Ukaniambia kama naona aibu niite spana ya kurekebisha, ila nisishangae nikiagiza hivyo hapa mjini nisieleweke na mtu. Mpaka leo jina lake sijawahi kulitamka. Kuandika pia siandiki.

Kila Jumamosi ulikuwa na mtihani. Unanipa chuma kichafu, unakwenda zako, ukirudi nikuambie kilitengenezwa wapi na kilikuwa kinafungua nini. Ulinifundisha kuangalia shingo ya spana kabla ya mdomo. Ulinifundisha zile za Kiingereza za zamani, ambazo namba yake haifanani na mdomo wake, kwa sababu wao walipima mwili wa bolti na sio kichwa cha nati. Imeandikwa tatu ya nane ya inchi, na mdomo unameza nati ya milimita kumi na nane. Kwa magari ya sasa hazifai kitu. Wanunuzi wa chuma chakavu wanazitupa kwenye gunia pamoja na mabati. Wewe ulikuwa unazitoa kwenye gunia.

Na kanuni ilikuwa moja. Usisugue kabla hujasoma. Kwanza mafuta ya taa, uache. Halafu mswaki wa zamani, taratibu. Halafu chaki. Brashi ya waya marufuku, msasa marufuku, mashine ndiyo usiitaje kabisa. Nilipokuonyesha kwenye simu video za watu wa nje wanavyong'arisha spana kuukuu mpaka unajiona meno, ulitazama moja mpaka mwisho halafu ukasema, "Hao wanatengeneza vijiko."

Naijua kanuni. Ndiyo inayonitesa. Ningekuwa sijui, ningelala.

Siku ile ulirudi kutoka Buguruni mapema, na kitu kimefungwa gazeti. Ulikuwa unaimba puani. Ulikwenda kwa mjane wa fundi fulani aliyekuwa anatoa vyombo vya marehemu mumewe. Ulifungua gazeti: spana moja, kutu tupu, na juu ya kutu mtu alikuwa amepaka rangi ya bluu ya geti. Ukapitisha ukucha wa dole gumba kwenye shingo yake, pole pole, kama mtu anayesoma gizani. Ukatabasamu, lakini sio kwangu. Ukanipa. Ukasema, "Mtihani wa leo, Mwalimu. Nikirudi uniambie ilikuwa ya nani."

Ya nani. Miaka yote ulikuwa unaniuliza ya wapi. Siku hiyo uliuliza ya nani, na mimi nilisikia vizuri kabisa, nikaitikia ndiyo, na sikufikiri.

Ukaenda kununua chakula kwa mama ntilie. Nilikuona unatoa simu ukitembea.

Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza siku thelathini na tisa. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimefeli, nikasema Kijerumani kumbe Kiingereza. Nilitaka safari hii urudi ukute iko tayari, inang'aa, na mimi nina jibu. Rangi ile isingetoka kwa mafuta ya taa mpaka Jumatatu. Na grenda ya Mangi, mashine ya jiwe la kusagia chuma, ilikuwa pale pale, ile ya mezani. Nikamwomba. Alikuwa anamhesabia mtu bolti, akasema tumia ila vaa miwani na uangalie vidole.

Nilianza kwenye shingo, Shangazi. Kwa sababu ndipo ulipokuwa umenifundisha kuangalia kwanza.

Cheche zilikuwa nzuri. Hilo nalo lazima nikiri. Bluu ikatoka, kutu ikatoka, chini yake chuma cheupe, nikafurahi, nikaendelea. Nikazima mashine nikarudi kwenye kibanda chetu nikiipangusa kwa gauni. Nikainua uso, ukawa umesimama mlangoni na mfuko wa chakula.

Uliitazama spana. Ukanitazama mimi. Ukafungua mdomo. Neno halikutoka, ulitoa sauti tu, kama mtu anayeanza kuuliza. Mfuko ukaanguka kwanza. Wali na maharage. Halafu wewe.

Siwezi hapa.

Mangi ndiye aliyekubeba. Mangi ndiye aliyesimamisha gari, akafunga kibanda chetu na chake, akakaa na mimi kwenye benchi hospitali. Madaktari wakasema mshipa wa kichwani. Kabla ya magharibi ulikuwa umeshaondoka. Asubuhi yake tukakuzika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jamvi na wanawake, begi la shule mapajani, na sikuwa najua kwamba spana imo ndani. Sikumbuki kuiweka. Niliigundua nilipotafuta leso.

Siku ya tatu Baba alisimulia watu. Akasema ulimpigia simu mchana ule ukamwambia, "Kaka, ya tisa imepatikana. Njoo uione." Akaeleza habari ya spana za Babu, na mimi nikiwa nyuma ya pazia nimeshika sinia la vikombe, ndipo nikaelewa nilichokuwa nimekifanya.

Kwa nini hukuniambia hadithi yote? Nilijua lile turubai lako lenye mifuko tisa ya spana lilikuwa la baba yako. Nilijua minane imejaa na mmoja mtupu. Nilidhani unapenda tu ziwe seti. Sikujua kwamba Babu alipofariki, baada ya arobaini yake, waliwaita mafundi wenzake wa gereji kila mmoja achukue spana moja ya kumkumbukia, ndivyo walivyofanyiana siku zote, na kwamba wewe ulikuwa na miaka kumi na saba na ulikuwa unazitaka, na hakuna aliyemuuliza msichana. Baba alichukua jeki. Wewe hukupewa kitu. Ukaanza kuzitafuta moja moja, kwa wajane, kwa watoto wao, kwenye magunia ya chuma chakavu. Watu wakakuita Mama Spana wakidhani ni biashara tu.

Na alama yake. Baba alichora hewani kwa kidole: mistari mitatu inayokutana chini, kama mguu wa kuku uliokanyaga udongo. Babu alikuwa anaipiga kwa tindo ndogo kwenye shingo ya kila spana yake, ili gereji nzima ijue.

Kwenye shingo.

Nilikwenda chooni na chaki. Nikasugua. Nikapangusa. Mara ya kwanza hakuna kitu. Nikasugua tena nikaigeuza kwenye dirisha, na pembeni kabisa, pale jiwe halikufika vizuri, ukabaki mstari mmoja mweupe, mfupi kama punje ya mchele. Kidole kimoja cha mguu wa kuku. Viwili nimevisaga mimi, vilikwenda na zile cheche.

Sasa nikuambie mabaya zaidi.

Mangi alileta funguo za kibanda na turubai lako, amelikunja vizuri, amelifunga kwa kamba ile ile. Baba akalifungua mbele yake. Mfuko wa tisa mtupu. Akamuuliza iko wapi. Mangi akasema hajui iko wapi. Baba akamwangalia tu. Tangu hapo ameanza: si yeye aliyebaki na funguo? Si yeye naye anakusanya vyuma vya zamani? Si yeye aliyekuwa akikutania kwamba siku moja atakupiga bao? Mangi alikuja siku ya saba akavua viatu akakaa mwisho wa jamvi. Akampa Baba mkono. Baba akajifanya anapokea simu. Nilimwona Mangi anaurudisha mkono mfukoni taratibu, kama mtu aliyetoa kitu akakuta si mahali pake. Hakuja tena.

Usimchukie Baba. Najua usingemchukia. Usiku wa siku ile ile ya tatu nilimsikia akimwambia Mama alivyokujibu kwenye simu. Alikuambia yuko kazini, mavyuma yako mtaongea baadaye. Akakata. Baba akasema, lazima niipate. Akarudia. Sauti yake sikuijua.

Kwa hiyo anaitafuta. Amepekua kibanda chako mara mbili. Amekwenda Buguruni kwa yule mjane, mjane akamwambia ndiyo, alikupa wewe mkononi. Jana wakati wa chakula akasema kwenye arobaini, baada ya hitima, Mangi akija atamsimamisha mbele za watu amuulize, na asipokuja atamfuata dukani na wazee. Mimi nilikuwa namimina maji. Nikamwaga mezani. Mama akasema huyu mtoto tangu shangazi yake afariki hayupo sawa. Spana ilikuwa chini ya godoro langu. Bado naificha hapo, mahali ninapoficha na daftari hili.

Nilidhani kunyamaza ni tabia yangu tu, kama wengine walivyo warefu. Sikujua kunyamaza kunaweza kumpiga mtu mwingine.

Leo nikitoka shule nilipitia Gerezani. Nilijiambia napita tu. Kibanda chetu kimefungwa, mtu ameanika viatu vya mtumba kwenye mlango wake. Mteja alikuwa anamuuliza Mangi, Mama Spana yuko wapi siku hizi, na Mangi akamjibu kwamba umesafiri. Akaniona. Akawa kama amefumaniwa. Akasema, "Nikiwaambia ukweli wanakaa hapa nusu saa wananiuliza ilikuwaje. Siwezi kila siku."

Nikasema shikamoo Mangi. Ilitoka kama pumzi. Akaitikia, akanivutia ile ndoo yako nikae. Sikukaa. Akaendelea kupanga nati kwenye makopo, hanitazami, halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ile umeitunza?"

Shangazi, nikaikalia ile ndoo.

Anajua. Alijua tangu siku ile. Alikuwa nyuma yangu wakati nasaga, aliiona ikiwa na rangi ya bluu na aliiona ikiwa nyeupe. Baba alipofungua turubai na kumuuliza, alikuwa na jibu mdomoni, akalimeza. Alipotoa mkono ukakataliwa, alikuwa nalo. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza nikiangalia makopo. Akasema, "Mimi mtu mzima, baba yako akininunia nitanenepa vilevile. Wewe wakikuambia neno moja baya siku ya msiba utaishi nalo mpaka uzeeni." Akasema alikuwa anangoja niseme mwenyewe, na kama nisingesema, basi.

Hapo nikamwambia. Sio habari ya spana, hiyo alikuwa nayo. Nikamwambia lile lingine, la kwamba uliniona nayo, na ukaanguka. Ni mara ya kwanza maneno hayo kutoka mdomoni mwangu, na yalitoka vibaya, yamevunjika. Mangi akaacha nati. Akaniambia kwamba asubuhi ile ulimwomba dawa ya kichwa kabla hujaenda Buguruni, na uliporudi ukaomba tena. Akasema aliinua macho kwenye hesabu zake akakuona unatoka kona na chakula, unaburuta mguu wa kulia, na begani umeinama, na alikuwa anakuja kukupokea mfuko. "Alikuwa ameshaanza kuanguka toka kule, binti yangu. Wewe alikukuta tu njiani."

Sijui kama ni kweli au amenionea huruma. Nimelifikiria njia nzima. Mguu wa kulia, sikuutazama, nilikuwa natazama uso wako. Lakini mfuko ulianguka kabla yako, na ulikuwa mkono wa kulia, hilo nina uhakika, kwa sababu maharage yalirukia upande wa makopo ya bolti. Pengine hukuwa na hasira. Pengine ile sauti ilikuwa swali lenyewe, ulikuwa unataka kuniuliza jibu la mtihani.

Basi jibu hili hapa. Ilikuwa ya baba yako. Imetengenezwa Uingereza, imeandikwa tatu ya nane upande ambao sikuusaga, na ilikuwa inafungua malori ya zamani ambayo hayapo tena.

Na nina ushahidi, Mwalimu wako hajalala kabisa. Saa moja iliyopita, Mama akiwa chini, nimechukua turubai kabatini. Mfuko wa tisa una doa la kutu, umbo la spana limejichora kwenye kitambaa miaka ile Babu alipokuwa anaitumia. Nimeiingiza. Imeingia mpaka mwisho, ikakaa juu ya doa lake kama mtu aliyerudi kwenye kitanda chake. Hata mpumbavu ataona. Hata bila alama, ni yake.

Niliitoa tena. Hapo ndipo nilipoanza kukuandikia.

Nilikuwa na mpango. Kuiacha kwenye mfuko, nifunge kamba, kesho Baba afungue aikute. Watu waseme miujiza, au Baba aseme Mangi ameirudisha kwa siri. Hapo ndipo nilipokwama. Kwa sababu atasema hivyo, Shangazi. Atasema mwizi ameogopa arobaini.

Mtu anapanda ngazi.

Ni Baba. Najua kwa kandambili zake, hatua mbili na kusimama, goti lile. Kila siku nikisikia hivyo daftari linakwenda chini ya godoro na mimi nafungua kitabu cha Biolojia. Mkono umeshaanza kwenda. Nimeurudisha.

Niandike haraka. Pumzika, Shangazi yangu. Ulale pasipo na kutu wala kelele za grenda, na umwambie Babu zake zote tisa zimefika nyumbani, moja imechubuka. Nakuahidi haya: kesho Mangi akivua viatu mlangoni, Baba atampa mkono. Na sitasugua tena kitu chochote kabla sijakisoma, hata kama kitu chenyewe ni mtu.

Amefika kwenye mlango. Anaita jina langu, lile la kweli.

Spana nimeiweka juu ya ukurasa, kidole kilichobaki kikitazama juu, na chaki bado imo ndani yake. Sauti ikinigomea, atasoma.